Duka la samaki wa mapambo, Nakuru: nyota moja, na ni ya yule kijana

Kama kungekuwa na sifuri ningebonyeza sifuri. Duka silitaji, ila wenye akwariamu hapa Nakuru watalijua: ni lile ambalo mwenyewe hakuinulii uso mpaka aone umetoa pochi.

Nilienda kuchukua soditeli wekundu, wale samaki wadogo ambao mkia wa dume umechongoka kama upanga: dume mmoja mwenye upanga mrefu wa kupendeza na majike watatu, kwa sababu ukiweka dume na jike mmoja atamsumbua usiku na mchana hadi achoke. Hapo hatukukosana. Nikiwa bado nachagua, nikamwona mmoja anashuka, anajisugua ubavu kwenye changarawe, anapanda, halafu anarudi kujisugua tena. Nikauliza huyu ana nini. Macho yakiwa kwenye simu, jamaa akanijibu, "Anacheza tu, mama."

Anacheza! Samaki anayejisugua hivyo anawashwa, na mara nyingi kinachomwasha ni vimelea ambavyo bado hujaviona kwa macho. Mtu aliyekaa na samaki miaka yote hiyo halijui hilo? Na kama analijua, ni nini kilichomfanya anifungie wanne na kunitakia siku njema?

Hata wiki haikuisha. Madoa meupe kama punje za chumvi yalianzia kwenye mkia wa dume, yakapanda mapezi yote. Akawa amebana mapezi, anahema juu juu karibu na pampu ya hewa, na ule upanga wake umelegea. Akafa. Jike mmoja akamfuata.

Nikamrudisha yule dume dukani kwenye kikopo cha siagi. Wala sikutaka hela, nilitaka anitazame, aseme pole, halafu aache kuuza kutoka tangi lile. Akachungulia kikopo akasema, tena mbele ya wateja, "Sasa mama, unataka nikuandikie cheti cha kifo?" Watu wakacheka. Alipoona wamecheka akaongeza kwamba shida ni maji yangu, maji ya Nakuru yana floraidi.

Hapo ndipo nilipowaka. Ni kweli maji yetu yana floraidi, meno yetu wenyewe ni ushahidi. Lakini yeye anajaza matangi yake kwa maji ya wapi, Mombasa? Soditeli asili yao ni mito ya Meksiko kushuka hadi Hondurasi, na maji magumu, yaani yenye madini mengi, kwao ni raha. Na wakati ananifundisha habari za maji, nyuma ya bega lake, kwenye tangi lilelile, nilikuwa naona madoa meupe kwenye samaki zaidi ya mmoja. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ni mwanga wa taa. Kisha akanishauri ninunue dume mwingine, eti bila dume majike wangu hawatazaa tena.

Nilitoka nikitetemeka. Kijana anayemsaidia kuosha matangi akanifuata mpaka barabarani, akaniambia haraka haraka: mama, weka hita, pandisha joto polepole lifike karibu nyuzi 29, ongeza hewa, tia chumvi kidogo kidogo isiyo na iodini, na madoa yakiisha usiache. Akanieleza kwamba kile kimelea kikiwa ndani ya ngozi ya samaki dawa haikifikii. Lazima kitoke, kizaliane chini kwenye changarawe, na vile vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki ndivyo vinavyouawa. Joto linaharakisha mzunguko huo. Kwa baridi ya huku kwetu, mita 1,850 hivi juu ya bahari, bila hita ungengoja sana. Alimaliza akakimbia kurudi ndani kabla hajaitwa.

Majike wawili walipona. Na sasa sikia hili: mmoja amezaa! Bila dume! Jike wa soditeli huhifadhi mbegu za dume tumboni kwa miezi, anazaa mkupuo baada ya mkupuo, kwa hiyo hata lile la "nunua dume mwingine" lilikuwa uongo wa kuniuzia. Asubuhi nimekuta vitoto vimejibanza ndani ya majani yanayoelea, macho makubwa kuliko mwili, vinamkimbia mama yao asivile. Watoto wangu wamegoma kwenda shule mpaka wavihesabu, na kila mmoja ana idadi yake.

Kwa hiyo samaki wenyewe, nyota tano, wachukueni bila woga. Duka, sifuri. Lakini mfumo hauna sifuri, na yule kijana anastahili kitu, basi iwe moja. Chakula cha vitoto nitakinunua hukohuko, siku mwenyewe hayupo. Nikisikia kijana amepata kazi kwingine, nitamfuata huko na hiyo moja naifuta.