Seti ya Hee Haw: diski ya tatu inakwama, na muuzaji hana adabu

Msinunue kwa hawa watu. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu hamfiki mwisho. Seti ya DVD za Hee Haw, kile kipindi cha zamani cha televisheni ya Marekani cha vichekesho na muziki wa kantri, niliyoagiza ilinifikia baada ya kungoja mpaka nikakata tamaa, kasha limebonyea pembeni, na diski ya tatu haichezi. Yaani inacheza, halafu inakwama pale pale kila mara: wanaume wanne wamesimama pamoja, Buck Owens, Roy Clark, Grandpa Jones na Kenny Price, wamefungua vinywa kuimba wimbo wa injili wa kufungia kipindi, na picha inakatikakatika vipande vya mraba. Sauti inakwaruza, kisha kimya. Nimeifuta kwa kitambaa laini. Nimeijaribu kwenye deki ya jirani, na kwenye kompyuta ya kijana wangu. Pale pale.

Asiyekijua kipindi hiki ataona nalalamikia wimbo mmoja tu. Sehemu kubwa ya Hee Haw ni vichekesho. Watu wanachomoza katikati ya mahindi, wanarushiana utani, wanazama tena. Punda wa katuni anakatiza. Mchekeshaji Minnie Pearl anaingia na kofia yake yenye kibandiko cha bei kinachoning'inia, dola 1.98. Baada ya fujo yote hiyo, wale wanne wanasimama na kuimba bila mzaha hata chembe, na hapo ndipo unatambua kwamba watu hawa, kabla ya kuwa wachekeshaji, ni wanamuziki wa kweli. Mimi nilinunua seti nzima kwa ajili ya dakika hizo. Vipande vya kwenye simu vilikuwa vinanikatia hamu.

Nikapiga simu dukani. Nilimweleza kijana aliyepokea kwa upole, hata dakika inayokwama nikamtajia. Akacheka. "Mama, hiyo kitu ni ya kitambo sana. Hiyo ni muziki ya washamba, nani anaangalia siku hizi? Kuja nikupatie series mpya." Nikamwambia sitaki mpya, nataka niliyolipia. Nikaomba kuongea na mkubwa wake. "Mkubwa ni mimi," akakata simu. Nilipopiga tena haikushikwa.

Nimelala na hasira usiku huo, na hasira yenyewe haikuwa ya diski peke yake. Dharau aliyonitolea yule kijana ndiyo hiyo hiyo iliyokiondoa kipindi hiki hewani kule Marekani, na ingekuwa amelijua hilo pengine angenyamaza.

CBS, kituo cha televisheni cha kule, walikianzisha tarehe 15 Juni 1969 kuziba pengo la kiangazi, kwa kuwa walikuwa wamewatimua ndugu wawili wa Smothers, wachekeshaji wenye kipindi chao, ambao utani wao juu ya vita na siasa ulikuwa unawasumbua wakubwa wa kituo. Waliokibuni ni Wakanada wawili, Frank Peppiatt na John Aylesworth. Walichukua ule mtindo wa haraka haraka wa kipindi cha Laugh-In, kichekesho juu ya kichekesho bila kupumua, wakauhamishia shambani. Kurekodi wakaenda Nashville, mji wa muziki wa kantri. Buck Owens alitoka Bakersfield, California, na gitaa lake la rangi za bendera. Roy Clark alikuwa fundi wa gitaa, banjo na fidla, mtu ambaye vidole vyake huwezi kuvifuata kwa macho. Wageni wa kipindi cha kwanza kabisa walikuwa Loretta Lynn na Charley Pride.

Watu walikipenda. Mwaka 1971 kilikuwa ndani ya vipindi 20 vinavyotazamwa zaidi nchini mwao, na mwaka huo huo CBS wakakifuta. Hawakukifuta peke yake. Walifagia vipindi vingine vya kishamba, The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D., karibu kila kilichonuka udongo, kwa sababu watangazaji wa biashara walitaka vijana wa mjini wenye pesa mfukoni, si wazee wa vijijini. Watazamaji walikuwepo, mamilioni kwa mamilioni. Tatizo lilikuwa ni watazamaji wasiofaa. Nani anaangalia siku hizi!

Watengenezaji hawakulia. Walikichukua kipindi chao wakakiuza kwa kituo kimoja kimoja, mji kwa mji, nchi nzima. Kikaendelea kutoa vipindi vipya mpaka 1992. Wakubwa waliokifuta walishabadilisha ofisi zao, na mahindi bado yanachomoza vichwa. Kijana wa dukani anisikie hapo.

Sasa, haki yake nimpe mtu. Diski ya kwanza na ya pili ni safi, na ziko vitu humo vimenifanya nisahau pesa yangu. Yupo Junior Samples, mzee mnene wa Georgia aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kusoma maneno yake mbele ya kamera kulimshinda. Anakwama, anarudia, anacheka mwenyewe, na wao waliyaacha makosa yote humo ndani. Anauza magari mabovu huku ameshika bango lenye namba ya simu, BR-549. Nilimwangalia nikaona watu wa kwetu sokoni.

Yupo Stringbean, jina lake halisi David Akeman, mpiga banjo mrefu mwembamba aliyefanywa sanamu ya kutishia ndege shambani. Kuna sehemu anatoa barua ya nyumbani kutoka ndani ya nguo zake na kuwasomea wenzake. Anaipapasa kwanza mifukoni, anaitafuta, anaipata, uso mzima unabadilika. Novemba 1973 yeye na mke wake Estelle waliuawa nyumbani kwao nje ya Nashville na majambazi waliosikia kwamba ameficha pesa. Walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka kupiga muziki Grand Ole Opry, lile onyesho maarufu la kantri la Nashville. Aliyewakuta asubuhi ni Grandpa Jones, jirani na rafiki yake. Huyo huyo Grandpa Jones ndiye anayeimba kwenye ile diski yangu isiyocheza. Mtu akijua hivyo halafu aone picha inamkatika usoni, mtaelewa kwa nini sikubali kuambiwa nichukue series mpya.

Na yupo Charley Pride. Marehemu baba yangu alikuwa na santuri zake Nakuru, pamoja na za Jim Reeves, na Jumapili baada ya kanisa hazikuzimwa. Hapa Kenya muziki wa kantri haukuletwa na intaneti jana. Umelea watu, na ukiingia baa nyingi za Bonde la Ufa jioni utausikia bado. Kumwona Charley Pride, mtu mweusi aliyezaliwa Mississippi, amesimama katikati ya ile jukwaa ya nyasi mwaka 1969, wakati ule kule kwao, anaimba kwa utulivu na wote wanampigia makofi, nililia. Sioni haya kulisema.

Si kila kitu humo ni kizuri. Wale wasichana wa nguo fupi wanaowekwa tu kupambia utani wa wanaume wananikera, na baadhi ya vichekesho vimechacha. Vilevile vipindi vinafanana, kwa kuwa walikuwa wakirekodi vipande vingi kwa mpigo mara chache kwa mwaka na kuvigawa baadaye. Ukitazama mfululizo unachoka. Tazama kimoja, pumzika.

Basi nilikuwa nimelainika, nikafikia kusema labda mnunue tu, mzigo wenyewe unafaa. Kisha nikaitoa tena ile diski ya tatu nikaielekeza kwenye taa. Kuna mkwaruzo wa duara, na karibu na ukingo kuna alama ya kidole gumba, kubwa kuliko changu, imekauka juu ya plastiki. Na ndani ya kasha kuna gundi ya kibandiko cha bei kilichobanduliwa. Walinitumia seti iliyokwisha tumika kwa bei ya mpya! Walijua. Yule kijana alijua alipokuwa anacheka.

Kwa hiyo Hee Haw nyota tano, na ningeongeza kama zingekuwepo. Duka, nyota moja, na hiyo ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Mkitaka seti hii itafuteni, lakini kwa mtu mwingine, na fungueni kasha mbele ya aliyeileta kabla hajawasha pikipiki yake.

Na ninyi wa dukani, kama mnasoma hapa: pesa kaeni nazo. Nataka diski ya tatu, inayocheza mpaka wale wanne wamalize wimbo.