Dawa ya panya isiyo na jina: imeua kweli, lakini bado nina hasira

Bandugu, kama muko na nyumba upande wa Katana ao Kabare munajua panya wa kisha mavuno wako namna gani. Kwetu walikuwa wanaingia kwa dari, usiku unasikia mbio tupu juu ya kichwa, asubuhi unakuta gunia ya maharagi imetobolewa kwa kona ya chini, na mavi yao ndani ya unga ya muhogo. Unga yote ikamwagwa. Njo nikashuka Bukavu, nikaenda soko ya Kadutu kutafuta dawa.

Papa mumoja anauza pembeni ya barabara, akanipa kasashe kadogo, ndani punje za rangi kama bombo za watoto, hakuna karatasi, hakuna maandishi hata moja. Nikamuuliza kwa heshima kabisa, papa, hii dawa inaitwa nini, na mutoto akiigusa tufanye nini? Akacheka mbele ya watu, eti "Mama, we unataka kuua panya ao unataka kusoma?" Na wenzake wote wakacheka! Mimi kiliya, mwenye kununua, nimeshatoa pesa yangu, nasimangwa hivyo juu ya kuuliza tu.

Sasa niseme ukweli, inaua. Tuliichanganya na sambaza kidogo, wale samaki wadogo wa ziwa, kesho yake panya walikuwa wamelala karibu na mafiga, kwa siku kidogo nikamusamehe hata yule papa. Kisha paka wetu akala panya mumoja. Jioni mate yanamutoka, miguu ya nyuma inatetemeka, anataka kusimama anaanguka, hakufika asubuhi.

Hapo njo hasira ikarudi mara mbili. Juu dawa za panya haziko za namna moja: kuna zile zinazuia damu kuganda, panya anakufa kisha siku kadhaa, na mutu akizila munganga anamupa vitamini K. Kuna fosfidi ya zinki, ile ikifika tumboni inatoa gazi ya sumu, inaua mbio, na haina dawa yake ya kuipinga. Kwetu kuna mutoto anatambaa, kila kitu anapeleka kwa kinywa. Angeokota punje moja ile, ningemuambia munganga nini? Kwamba muuzaji alicheka?

Siku hizi tunatumia mutego wa chuma, ule wa rasoro, chuma yenye kufyatuka. Mwanzoni haukamate kitu juu panya anaogopa kitu kipya, kwa hiyo tunauacha kwanza bila kuutega, sambaza tu juu yake, akizoea njo tunatega, na tunauweka kando ya ukuta juu njo pale anapita. Matundu ya chini ya mulango tumeyaziba na bati, panya hahitaji nafasi kubwa, pale kidole gumba kinapita yeye pia anapita.

Kwa hiyo musinunue kwa yule papa. Ao tuseme dawa yenyewe si mbaya, kazi yake niliiona kwa macho, shida ni mudomo wake. Hapana, hata dawa! Kitu kisichokuwa na jina hakiingie tena kwetu. Kama kuna mutu hapa Bukavu anauza ile ya pakiti, jina limeandikwa, tarehe iko, aniambie duka iko wapi, nitalipa hata mara mbili.