Boksi la zambarau au boksi jekundu? Kupima uhai wa kondo la nyuma maabarani

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nina maboksi mawili mezani, na yote nimeyatumia mpaka chupa zimebaki tupu. Yote yanaahidi kitu kimoja: kukuambia kama vile vipande vya kondo la nyuma ulivyoviweka kwenye inkubeta bado viko hai.

Tuanze na MTT. Wengi mnaijua. Tim Mosmann aliieleza mwaka 1983 na mpaka leo maabara za seli haziachani nayo. Ni unga wa njano. Unauyeyusha, unazimwagia seli zako, unasubiri. Seli yenye uhai inaugeuza ule unjano kuwa fuwele za zambarau. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaona kipande kilivyokolea kama kimechovywa kwenye wino?

Sasa kuitoa hiyo rangi ndiyo kazi. Seli zilizojilaza bapa sahanini, ukizitilia DMSO kidogo, kile kimiminika cha kuyeyusha fuwele, umemaliza. Kipande chenye unene kinang'ang'ania. Nimewahi kuacha sahani ikitikiswa usiku kucha, asubuhi kiini bado cha zambarau. Mashine ya kusoma rangi ukiiweka kwenye mwanga wa nanomita 570 inasoma kilichotoka tu, kilichobaki ndani hakina habari nacho.

Hilo ningelivumilia. Lililonikera ni hili. Siku ya pili ya kuotesha nilipata zambarau safi kabisa, nikafurahi. Kwa bahati nilikata kipande cha jirani yake, nikakipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Ganda la nje, ile sinsitiotrofoblasti, limebanduka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu! Waliokuwa hai ni seli za ndani. Na ganda hilo ndilo linaloguswa na damu ya mama, ndilo linalotengeneza homoni. Mimi nilikuwa nalitafuta hilo hilo. MTT inakwambia humo ndani kuna aliye hai. Ni nani, haisemi.

Boksi la pili, LDH. Hiki ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli. Utando ukipasuka, kinavujia kwenye midia, yaani kile kimiminika cha lishe kinachozunguka kipande. Unachota midia kidogo, unachanganya na vitendanishi, wekundu unatokea, unasoma nanomita 490. Uzuri wake ni kwamba kipande chenyewe hukigusi, kwa hiyo kesho unachota tena kutoka kisima kilekile, yaani kishimo kilekile cha sahani. Hapo linapata alama zangu zote.

Lakini lina masharti. Chembe nyekundu za damu nazo zimejaa LDH, kwa hiyo kama hukusuuza vipande vizuri utapima damu ukidhani unapima kifo cha tishu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, halafu suuza tena. Seramu nayo ina LDH yake, basi weka kisima chenye midia bila tishu, na namba yake uitoe kwenye hesabu. Mwishoni vunja vipande kwa Triton, sabuni ya maabara inayopasua utando wa seli, upate LDH yote, ili useme ni asilimia ngapi imevuja. Namba tupu haina maana, maana vipande havilingani uzito. Na sampuli msizigandishe, LDH inapoteza nguvu ikigandishwa.

Kingine, msishtuke LDH ikipanda ndani ya saa 48 za mwanzo. Ganda la zamani ndipo linapobanduka, na kwenye kondo la mimba iliyotimia seli za chini yake huungana zikaumba jipya siku zinazofuata. Nimeona watu wakimwaga sahani nzima siku ya pili. Pole yao! Ukipima na hCG, homoni ya mimba inayotengenezwa na ganda hilo, kwenye midia ileile utaiona inashuka, kisha inapanda tena ganda jipya likishika kazi.

Oksijeni nayo iangalieni. Inkubeta ya kawaida ina karibu asilimia 20, na kondo tumboni halijazoea nyingi hivyo. Kabla ya wiki ya 10 ya mimba ni kama asilimia 2 au 3 tu.

Mkiniuliza ninunue lipi, fedha ikiwa ya boksi moja: LDH, na ulisindikize na hCG pamoja na slaidi moja ya hadubini kwa kila siku unayopima. MTT nitaendelea kuitumia kwa seli zilizotenganishwa, huko haina mpinzani. Haya, saa imelia, nina midia ya kubadilisha.