Simu "orijino" ya mtandaoni na namna nilivyodai fedha zangu

Duka ninalolizungumzia halina mlango wala kaunta. Lina ukurasa wa Instagram wenye picha za kuvutia, namba ya WhatsApp na maneno "tupo Kariakoo", bila kutaja mtaa wala jengo. Nililipa shilingi 520,000 kwa simu iliyotangazwa kuwa Samsung Galaxy A54 yenye ujazo wa GB 256, bei ambayo peke yake ilitosha kunishtua. Mzigo ulifika Mbezi kabla ya magharibi. Ninalipatia duka hili nyota moja kati ya tano, na nyota hiyo ni ya kijana wa bodaboda.

Siku ya tatu picha nilizopiga zilianza kufunguka nusu, nyingine zikagoma kabisa, ingawa simu yenyewe ilionyesha kuwa ina nafasi tele. Fundi aliiunganisha na kompyuta, akanieleza kwamba ujazo halisi ni GB 16 na kwamba programu imechezewa ili isome namba kubwa kuliko kilichomo, kiasi kwamba faili jipya linapokosa mahali huandikwa juu ya la zamani. Nilibonyeza *#06#, nikatuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu kwa ujumbe mfupi, na jibu likaja na jina la simu ya kampuni nyingine kabisa.

"Waranti ya mwaka mmoja" iliyotajwa kwenye tangazo ilikuwa kadi isiyo na muhuri wala anwani. Muuzaji alinijibu kwa upole siku mbili, kisha akaniambia kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha akanifungia WhatsApp. Kauli hiyo imechapwa kwenye risiti nyingi mno mjini hadi wengi wetu tumeiamini kuwa ni sheria, ilhali Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji atoe kitu kinacholingana na maelezo aliyoyatumia kukiuza, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, sikupewa, nami kwa pupa ya simu mpya sikuidai.

Kilichonisaidia ni ujumbe wa malipo, kwa kuwa ulibeba jina la mtu aliyesajili lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo, jina ambalo halikuonekana popote kwenye ukurasa wa duka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo nilichapisha tangazo, mazungumzo yetu, ujumbe wa malipo na jibu la 15090, nikaandika barua ya madai ya ukurasa mmoja, nikampa siku 7 kabla ya kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, yaani FCC, ambayo ndiyo pia husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Picha ya barua nilimtumia muuzaji kwa kutumia simu ya dada yangu, ikianza na jina kamili la muuzaji. Muuzaji alipiga simu ndani ya saa moja.

Sharti lake lilikuwa simu irudi kwanza. Hapo nilisita kwa siku nzima, maana nilijua wazi simu hiyo ingekwenda wapi, lakini ninakiri kwamba nilizitaka fedha zangu kuliko nilivyotaka kumlinda mteja ajaye. Nilipiga picha za IMEI zote mbili, nikairudisha, na jioni nikapokea shilingi 500,000. Zile 20,000 alizikata kwa ajili ya "usumbufu", na hadi leo sijaelewa usumbufu huo ulikuwa wa nani.

Siku 9 baadaye dada yangu alinionyesha tangazo jipya kwenye ukurasa uleule: A54, imetumika wiki mbili, haina tatizo lolote, shilingi 430,000. Kona ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo wa funguo zangu. Malalamiko nimeyawasilisha FCC, pamoja na picha za IMEI.