Uzoefu wangu na pampu ya sola kwenye bustani ya mboga kando ya Kafubu

Kwa miaka 6 nilimwagilia bustani yangu ya lengalenga, matembele na kabichi, iliyo katika bonde la mto Kafubu nje ya Lubumbashi, kwa motopompe, yaani pampu ya injini, iliyokuwa ikinywa lita 3 za petroli kila siku. Ukihesabu siku 26 za kazi kwa mwezi na miezi 5 ya kiangazi, hizo ni lita 390, na nguzo za umeme hazijafika kwetu. Mwaka juzi, mwezi wa Mei, nilinunua pampu ndogo ya kuzamishwa kisimani pamoja na paneli 2 za wati 150 kila moja, kwa dola 740, mabomba yakiwemo lakini matangi yakiwa nje ya bei hiyo.

Kilichonitia moyo ni hesabu moja. Kupandisha lita 9,000, ambazo ndizo mahitaji ya siku ya mita zangu za mraba 2,000, kutoka kisimani hadi tangini, kimo cha mita 10, ni kazi ya robo tu ya kilowati-saa, ilhali lita 3 za petroli zimebeba nishati ya takriban kilowati-saa 27. Hata ukikubali kwamba kila pampu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu inayopewa, mimi nilikuwa nikiwasha gunia zima la makala ili nichemshe yai moja.

Hata hivyo, anayedhani kwamba pampu ya sola ni motopompe isiyotaka mafuta atavunjika moyo juma la kwanza, kama nilivyovunjika mimi. Motopompe ilikuwa ikikausha kisima kwa dakika 20, tunaizima, tunasubiri maji yarudi, kisha tunavuta kamba tena. Hii ya sola hutoa mkondo mwembamba tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, usioweza kusukuma mpira wa kumwagilia hata kidogo, lakini kisima hakiishiwi maji kamwe. Ilinibidi kuitafutia hifadhi, na hapo ndipo kichuguu kikubwa nilichokuwa nikikilaani kila msimu wa kulima kilipopata kazi: tulisawazisha kilele chake, tukaweka matangi 2, na sasa maji hushuka yenyewe hadi kwenye mipira ya matone. Tunamwagilia alfajiri na jioni, wakati jua halinyang'anyi mimea sehemu yake, jambo ambalo zamani halikuwezekana kwa sababu kijana wa motopompe alifika saa nne.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya ufungaji. Fundi aliyeletwa na muuzaji alielekeza paneli kusini, akifuata kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi zilizo kaskazini ya ikweta, na mwezi wote wa Juni sikupata hata lita 6,000 kwa siku. Sisi tuko kusini ya ikweta, na katika kiangazi jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kivuli cha ukuta mwezi huo analijua hilo. Nilizigeuza mwenyewe, na maji yakafikia lita 9,000 katika siku zenye anga safi. Mwezi wa Agosti, moto wa pori unapotupa masizi juu ya vumbi jekundu, ni lazima kuzifuta kila baada ya siku 3, kwa maji na kitambaa laini, kabla jua halijapanda.

Kila jioni paneli hulala ndani ya nyumba. Sitaeleza sababu.

Fedha ya pampu na paneli ilirudi katika kiangazi cha pili, na injini ya pampu yenyewe haijanisumbua. Kilichokufa, mwezi wa 14, ni kisanduku kinachodhibiti umeme wa paneli, ambacho kimejazwa gundi ngumu ndani kiasi kwamba hakuna fundi anayeweza kukifungua. Kingine kilinifikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, baada ya siku 9, na siku hizo zote kabichi zilinyweshwa na ile motopompe ya zamani, ambayo bado ninaitunza stoo ikiwa na petroli ya siku mbili.