Jotoardhi: kuzalisha umeme au kutumia joto lenyewe?

Mwaka 1904, mvuke wa ardhini uliwasha taa 5 kule Larderello, Italia. Labda ndiyo maana wengi wakisikia jotoardhi huwaza umeme tu. Lakini umeme una hasara yake: kwa kawaida zaidi ya asilimia 80 ya joto hupotea kabla ya kugeuka umeme. Maji ya nyuzi 70 hayazungushi mtambo kirahisi, ila yapitishe kwenye mabomba ukutani uone chumba kinavyopata joto; Iceland hupasha hivyo takribani nyumba 9 kati ya 10. Umeme, sawa, hufika mbali. Maji hupoa njiani. Kisima kikiwa jirani na makazi yenye baridi, mimi nachukua joto.