Prado 120 au RAV4 ya juzijuzi?

Ubishi huu hauishi vijiweni, basi tuchukue magari mawili ya Toyota: Prado 120 (2002–2009) na RAV4 ya 2013–2018.

Njia mbovu ni za Prado. Bodi imekaa juu ya chesisi (fremu ya chuma), na ina gia nzito, ya kwenda polepole kwa nguvu: masika, tope likifika kwenye rimu, unasimama, unaingiza gia hiyo, unatoka taratibu. RAV4 haina gia hiyo, hata ile inayovuta magurudumu yote manne. Ikinasa, tafuta jembe na vijana.

Mafuta? RAV4, wala hakuna mjadala. Foleni za Dar zitakukumbusha kila siku.

Spea zipo kwa zote. Ila Prado ya umri huu lala chini yake kabla ya kutaja bei; gonga chesisi kwa bisibisi, na palipooza kwa kutu utapasikia. Iliyokaa pwani miaka mingi mimi huitilia shaka kwanza. Na ukiiagiza Japani, umri wake unaongeza kodi Tanzania.

Anayekwenda shamba Krismasi tu, RAV4 inamtosha. Mwenye kupandisha milima ya Lushoto kila wiki, mvua au jua, ajaze tangi la Prado tu.